Asiyevaa kofia ngumu akianguka, ni shauri lake peke yake?

#1 Mtaka Hoja
Salaam wakuu.

Kuna jambo linanikereketa na naomba tulichambue bila jazba. Mtu mzima mwenye akili timamu anapanda pikipiki yake mwenyewe. Hajabeba abiria. Anakataa kuvaa kofia ngumu. Fuvu ni lake na ubongo ni wake, lakini polisi anamsimamisha na kumtoza faini. Kwa kosa lipi hasa? Kamuibia nani? Kamjeruhi nani?

Msimamo wangu: sheria ya namna hii inamgeuza mtu mzima kuwa mtoto. Uhuru ni pamoja na uhuru wa kuchagua vibaya. Ukiniondolea nafasi ya kukosea umeniondolea na wajibu, maana hapo ninatii tu, siamui chochote. Wahenga walishasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Aliyejitakia aubebe mwenyewe. Karibuni.

#2 Kipanga
Nimekaa siti ya mbele. Uzi huu utafika mbali.

#3 Mama Zamu
Mleta uzi, mimi ni nesi, wodi ya majeruhi wa kichwa. Hilo la "aubebe mwenyewe" naomba nikuambie linavyokuwa wodini. Mtu aliyeumia ubongo habebi kitu. Anabebwa yeye.

Tuliwahi kuwa na kijana aliyegonga kichwa kwenye ukingo wa barabara. Hakufa. Tulimfundisha mama yake kumgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu, mgongo, ubavu ule, asitoke vidonda vya kulalia. Tukamfundisha kumlisha kwa mpira wa puani: kichwa cha kitanda kipandishwe, bomba la sindano lishikwe juu, chakula kishuke chenyewe polepole bila kusukumwa, kisije kikaingia mapafuni. Siku za kwanza mikono ilikuwa inamtetemeka hadi chakula kinamwagika shukani. Baadaye akawa anafanya hata usingizi ukimlemea. Alikuwa na ajira, akaiacha. Dada wa mgonjwa akasimamisha masomo wapokezane.

Sasa niambie, kati ya hao wawili ni nani aliyechagua kupanda pikipiki kichwa wazi?

Methali umeleta moja. Iko na nyingine: mchuma janga hula na wa kwao.

#4 Jiwe Kuu
Mama Zamu kamaliza kila kitu. Mods, fungeni uzi.

#5 Mtaka Hoja
Jiwe Kuu usifunge duka mapema, hatujafika popote.

Mama Zamu, shikamoo, na pole kwa kazi. Lakini hebu tazama hoja yako inatupeleka wapi. Mtu akiacha mazoezi miaka yote akapata kiharusi, familia hiyohiyo itamgeuza. Akienda kupanda mlima akateleza, vivyo hivyo. Mvuta sigara naye yumo. Kila uamuzi wa binadamu una watu watakaoulipia bila kuulizwa. Kama machungu ya mama yanatosha kutunga sheria, nitajie jambo moja tu katika maisha yangu litakalobaki kuwa langu.

#6 Kanzu Nyeusi
Habari za humu. Hoja zenu zote mbili zilishapita mahakamani, zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Mwaka 1966 serikali kuu ya Marekani iliyaambia majimbo: pitisheni sheria ya kofia ngumu, la sivyo mnakatwa sehemu ya fedha za barabara. Kufikia 1975 majimbo 47 yalikuwa nayo. Waendesha pikipiki wakaenda kushtaki. Mwaka 1969 mahakama ya juu ya jimbo la Illinois iliona kama mleta uzi: sheria inamlinda mwendeshaji dhidi yake mwenyewe, na hiyo si kazi ya dola. Ikaitupa.

Mwaka 1972 mahakama ya shirikisho kule Massachusetts ikaona kama Mama Zamu. Majaji walisema tangu dakika ya kuumia, jamii ndiyo inayomwokota mtu barabarani, inamfikisha hospitali ya umma, inampa madaktari, na akipata ulemavu wa kudumu huenda ikamlisha yeye na familia yake. Wakasema hawaelewi kwa vipi mtu huyo adai kwamba jambo linamhusu yeye tu. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ikaiacha hukumu hiyo isimame.

#7 Mpita Njia
Lakini baadaye majimbo mengi yalizifuta sheria hizo baada ya kushindwa mahakamani. Uhuru ulishinda.

#8 Kanzu Nyeusi
Hapana, mkuu. Zilifutwa bungeni. Mwaka 1976 Bunge la Marekani liliondoa tishio la kukata fedha, ndipo majimbo yakaanza kulegeza moja baada ya jingine. Na mengi yaliyolegeza hayakuacha uwanja wazi, yalibakiza sharti kwa vijana. Yaani hata mtetezi mkubwa wa uhuru huu alikubali kwamba una umri wake wa kuanza.

#9 Tafakuri
Mleta uzi, hoja yako ina babu yake. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, 1859: sababu pekee ya kumlazimisha mtu katika jamii iliyostaarabika ni kuzuia asidhuru wengine. Faida yake mwenyewe haitoshi.

Tatizo ni kwamba watu huishia kwenye sentensi hiyo. Mill huyohuyo anatoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama hajui kwamba ni bovu na hakuna muda wa kumwonya, mkamate umrudishe nyuma, hujamnyima uhuru wowote, kwa sababu uhuru ni kufanya unalolitaka, na yeye hataki kutumbukia mtoni. Akishajua hatari na bado anataka kuvuka, basi, umemwonya, mwache.

Pia anasema mtu akitapanya mali yake hadi ashindwe kulipa deni au kulea watoto, anastahili kuadhibiwa kwa kuvunja wajibu wake kwa hao watu, siyo kwa ule utapanyaji. Kwa hiyo swali la Mill kwa kijana wa Mama Zamu lingekuwa: kuna wajibu gani kwa mtu fulani aliouvunja? Kuhuzunisha ndugu peke yake hakutoshi.

#10 Mama Zamu
Tafakuri, nimeipenda hiyo ya daraja, ila ndipo ninapokataa. Nyie mnazungumza kama kila mtu alikaa kitako akapima hatari, halafu akasema "nachagua". Ninaowapokea, wanapopata fahamu na kuweza kuongea, hakuna aliyewahi kuniambia alichagua. Wanasema nilikuwa nakwenda hapo karibu. Kofia ilikuwa ndani. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimechelewa. Ni mazoea, wala si falsafa. Huyo mwenye msimamo wa uhuru sijakutana naye kitandani.

Na kinga inajulikana. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka 2008 yalikadiria kofia inapunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa kwa asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69.

#11 Mtaka Hoja
Asilimia 42 ni sababu nzuri ya kuvaa, na mimi navaa. Bado si sababu ya kulazimisha. Hapo kuna hatua mnairuka.

Hilo la mazoea ni zito lakini linakata kuwili. Kama lililofanywa kwa mazoea si uamuzi wa mtu, basi hata mema yetu mengi si yetu. Anayeamka kila alfajiri kwenda kazini kulea wanawe naye anafanya kwa mazoea. Tumnyang'anye sifa?

#12 Jiwe Kuu
Kumbe mleta uzi mwenyewe anavaa! Ametutoa jasho bure.

#13 Kumbukumbu
Niongeze kidogo upande wa historia. Msukumo wa kulazimisha kofia hizi Uingereza ulianzia kwenye kifo cha mtu mmoja maarufu, T. E. Lawrence, yule ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Lawrence wa Arabia, aliyekufa papo hapo kwa ajali ya pikipiki Uingereza mwaka 1935. Daktari wake wa upasuaji, Hugh Cairns, hakulisahau tukio hilo, akaanza kuchunguza vifo vya askari wapeleka ujumbe kwa pikipiki. Ripoti yake ilitoka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha askari hao kuvaa. Raia walisubiri hadi 1973.

#14 Tafakuri
Sahihisho dogo: hakufa papo hapo. Alilala siku sita bila fahamu, ndiyo maana Cairns akaitwa.

#15 Kumbukumbu
Sawa, siku sita. Na 1976, miaka mitatu baada ya sheria ile ya raia, Bunge la Uingereza liliwasamehe Masingasinga wanaovaa kilemba. Hapa wote nawauliza. Kama sababu ya sheria ni gharama kwa jamii, fuvu la Singasinga likipasuka gharama ni ileile. Mbona yeye aliachwa? Mimi naona bunge lilikiri kwamba kuna uhuru mzito na uhuru mwepesi. Dhamiri ya mtu ina uzito, upepo kwenye nywele hauna.

#16 Mtaka Hoja
Na nani kaipa serikali mizani ya kupima uzito wa sababu zangu? Hilo ndilo linalonitisha kuliko hata faini.

#17 Chembe
Mnabishana juu ya kitu ambacho hakipo. Mwaka 1983 mtafiti wa ubongo Benjamin Libet alipima ubongo wa watu waliokuwa wakikunja kidole kwa hiari. Ishara ya ubongo ya kujiandaa ilianza wastani wa zaidi ya theluthi moja ya sekunde kabla ya mtu kuhisi kwamba ameamua. Ubongo huanza, wewe unaarifiwa baadaye. Uhuru wa kuchagua ni hisia tu, na wajibu ni hadithi tunayopeana ili tuishi pamoja.

#18 Kipanga
Nilijua. Uzi wowote Chembe lazima alete ubongo. Siku ukinikopa, usije ukaniambia ishara ilianza kabla yako.

#19 Tafakuri
Chembe, hilo jaribio limejibiwa. Mwaka 2012 watafiti wengine walionyesha kwamba ile ishara inaweza kuwa mtikisiko wa kawaida wa ubongo unaopanda na kushuka, unaoonekana kama maandalizi kwa sababu tunauhesabu kurudi nyuma kutoka pale kidole kilipokunjwa. Halafu kukunja kidole bila sababu yoyote ni tofauti kabisa na kutoka nyumbani, kuiona kofia mezani, na kuiacha.

Kuhusu lini mtu alikuwa huru, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ana kitu. Anaeleza sheria iliyompa mlevi aliyetenda kosa adhabu mara mbili. Sheria hiyo ilikuwa ya Pittacus, mtawala wa Mytilene, mji wa Ugiriki ya kale. Akiwa amelewa hajui alifanyalo, sawa, lakini kulewa kulikuwa mikononi mwake. Wajibu haukai pale kosa lilipotokea. Unarudi nyuma hadi pale ambapo bado ungeweza kufanya vingine.

#20 Chembe
Na kabla ya hapo? Nani alimlea akawa mtu wa kunywa? Ukianza kurudi nyuma huna pa kusimama.

#21 Dada Mkubwa
Nimesoma wote kimya kimya. Niseme langu.

Mume wangu alikufa hivyo. Hakuwa amevaa kofia. Matangani nililisikia hilo neno la mleta uzi, msiba wa kujitakia, likisemwa kwa sauti ya chini na watu waliokuwa wanadhani nimelala. Kampuni ya bima nayo ikalisema kwa lugha yake ya karatasi. Kila aliyeuliza alifika kwenye kofia na kusimama hapo.

Ni kweli hakuvaa. Na mimi nilimkasirikia, hadi leo zipo siku namkasirikia. Lakini pale alipoanguka kulikuwa na mtaro uliochimbwa ukaachwa wazi katikati ya njia, hauna kizuizi, hauna taa, hauna hata tawi la mti la kumwonya mtu. Waliouchimba walikuwa na jina na mkataba. Hakuna aliyewauliza kitu. Kofia ya mume wangu iliwafunika wao.

Kwa hiyo mleta uzi sikubaliani nawe, lakini sikubaliani hata na wanaokupinga. Mnatafuta mtu mmoja wa kumbebesha. Kila mtu akihubiriwa awajibike mwenyewe, natazama kwanza ni nani anayehubiri, na ana mtaro gani alioacha wazi.

#22 Jiwe Kuu
Dada, pole sana. Sina la kuongeza.

#23 Mtaka Hoja
Pole sana dada yangu. Umesema jambo ambalo sitalijibu kwa haraka. Niseme tu kwamba hata katika msimamo wangu, waliouacha mtaro wazi wamemdhuru mtu mwingine, na hao ndio sheria ilipaswa kuwafuata wa kwanza. Uhuru wa mume wako haukuwapa wao ruhusa.

#24 Kanzu Nyeusi
Dada Mkubwa, pole. Sheria ya Kiingereza iliwahi kufanya kosa hilohilo kwa miaka zaidi ya mia. Mwaka 1809 mtu mmoja alikuwa anakimbiza farasi wakati wa machweo. Mwingine alikuwa ameweka nguzo kukatiza sehemu ya barabara wakati anatengeneza nyumba yake. Farasi akaigonga, mpanda farasi akaumia vibaya. Mahakama ikasema angekuwa mwangalifu angeiona, kwa hiyo hapati fidia. Hata senti. Aliyeziba barabara akaenda zake.

Hadi sheria ya 1945 ndipo mahakama zikaruhusiwa kugawa lawama kwa kiasi cha kila mmoja. Mwaka 1975, katika kesi ya mkanda wa gari, Mahakama ya Rufani iliweka kipimo: kama mkanda ungezuia jeraha kabisa, fidia inapungua asilimia 25. Kama ungelipunguza tu, asilimia 15. Sehemu inayobaki inalipwa na aliyesababisha ajali. Kofia ngumu hufuata mkondo huohuo. Nakushauri utafute wakili wa eneo lako akuangalizie sheria za huko zinasemaje, na ukomo wa muda wa kufungua shauri.

#25 Dada Mkubwa
Asante kaka. Asilimia 25 naielewa. Mimi nilipewa mia.

#26 Mpita Njia
Kuna jambo hamjaligusa. Watu wawili wanatoka kichwa wazi asubuhi moja, barabara moja. Mmoja anafika. Mwingine anakuta utelezi. Walifanya jambo lilelile, lakini mmoja tunamwita mzembe na mwingine tunamuuliza habari za safari. Tunahukumu uamuzi au tunahukumu bahati?

#27 Tafakuri
Mpita Njia, umegusa penyewe. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya hilo mwaka 1976 na hadi leo halijapata jibu lililokubalika. Ukisema tuhukumu uamuzi tu, basi aliyefika salama anastahili lawama ileile. Hakuna jamii inayoishi hivyo.

#28 Mama Zamu
Sheria ya faini ndiyo inayoishi hivyo, mwanangu. Inamtoza kila asiyevaa, hata aliyefika salama. Kwa hilo ni ya haki kuliko wodi yangu.

#29 Kipanga
Aisee. Hiyo sikuitegemea.

#30 Mtaka Hoja
Nami nimeiona, nakupa haki yako. Basi nije na pendekezo. Florida, tangu mwaka 2000, mtu mwenye zaidi ya miaka 21 anaruhusiwa kuendesha bila kofia akiwa na bima ya matibabu ya angalau dola 10,000. Michigan ilifanya hivyo 2012, kwao dola 20,000. Hapo uhuru na wajibu vimefungwa pamoja: unataka kuamua mwenyewe, onyesha kwanza kwamba hutamtupia mtu mwingine mzigo. Kwa nini hilo lisitoshe?

#31 Mama Zamu
Kwa sababu hizo dola kwa ubongo ulioumia ni za mlangoni tu. Uangalizi maalumu na upasuaji vinazimaliza mapema. Na bima hailipi ile saa mbili ya kumgeuza usiku, kwa miaka. Hiyo inalipwa na mtu.

#32 Jiwe Kuu
Pia uhuru unakuwa wa mwenye hela. Asiye na bima avae kofia, mwenye bima apigwe upepo. Hapo ulichouza ni leseni, uhuru haumo.

#33 Chaki Nyeupe
Mwalimu wa uraia hapa. Watu wananukuu Azimio la Haki za Binadamu la 1948 kana kwamba ni orodha ya haki tu. Ibara ya 29 inasema kila mtu ana wajibu kwa jamii, ambamo pekee utu wake unaweza kukua kikamilifu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 ulikwenda mbali zaidi, ibara ya 27 hadi 29 zote ni wajibu: kwa familia, kwa jamii, kwa taifa. Waandishi wake hawakuona haki na wajibu kama maadui.

#34 Mtaka Hoja
Mwalimu, heshima kwako. Lakini watawala wangapi wamejificha nyuma ya neno wajibu kuwanyamazisha watu? Ibara hiyohiyo ya 29 inaendelea kusema mipaka ya uhuru iwekwe kwa sheria tu, kwa ajili ya kulinda haki za wengine na mahitaji ya haki ya jamii ya kidemokrasia. Sehemu hiyo husomwa kwa sauti ndogo.

#35 Chaki Nyeupe
Nakubali husomwa kwa sauti ndogo. Darasani kwangu huwa naanza nayo.

#36 Mama Zamu
Naingia zamu. Niwaachie moja. Wengi ninaowapokea hawakuwa wanaendesha, walibebwa nyuma. Kofia ilikuwa moja na mwendeshaji ndiye aliyeivaa.

#37 Mtaka Hoja
Huyo mwendeshaji sina utetezi naye. Kambeba mtu, awajibike, na faini iwe kubwa kuliko ya kichwa chake mwenyewe.

#38 Kipanga
Na kama kofia zilikuwa mbili, abiria akaikataa ya kwake?

#39 Dada Mkubwa
Asiondoe pikipiki. Mwendeshaji naye ana uhuru wa kukataa safari.

#40 Mtaka Hoja
Hapo Dada nimekuelewa. Ila abiria akiwa mkubwa wake kazini je, au baba yake?